Jeni za salfa ndani ya hamira si swichi ya ukutani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu makala iliyotoka kwenye ukurasa wa sayansi Jumamosi iliyopita, ile iliyoeleza kwamba hamira ina “jeni ya methionini” (methionini ni amino asidi, yaani tofali la kujengea protini, yenye salfa ndani yake), na kwamba siku wataalamu watakapoiwasha jeni hiyo na kuiacha ikiwaka, wafugaji wa kuku tutaacha kununua methionini inayotoka nje ya nchi. Nimefundisha baiolojia katika shule za sekondari hadi nilipostaafu, na sasa nafuga kuku 180 wa mayai nyuma ya nyumba yangu Kimara, kwa hiyo habari hiyo ilinigusa pande zote mbili, mfukoni na kichwani. Mfukoni ilinifurahisha kwa dakika chache. Kichwani haikukaa.

Nianze na mfuko. Mwaka jana nilihamia kwa muuzaji mwingine wa chakula cha kuku, kwa kuwa duka lake lilikuwa karibu na kituo cha daladala na bei yake ilikuwa pungufu kidogo. Hazikupita wiki nne kuku wakaanza kudonoana. Walinyonyoana manyoya ya mgongo na ya mkia, na asubuhi moja nilimkuta mtetea amejibanza kwenye kona ya banda, ngozi ya kiunoni iko wazi na ina damu, huku mwenzake akimeza unyoya taratibu kama anayekula mchicha. Mtaalamu wa mifugo niliyemwita aliushika mkononi ule mchanganyiko, akaunusa, akauliza swali moja tu: humu mna dagaa? Hamkuwa na dagaa. Mlikuwa na mahindi, pumba nyingi na soya kidogo. Unyoya hujengwa kwa keratini, protini iliyojaa sisteini, amino asidi nyingine yenye salfa, na kuku hutengeneza sisteini yake kutokana na methionini anayokula. Asipoipata kwenye chano, huenda kuitafuta mgongoni kwa jirani. (Msongamano bandani nao una lake, sikatai, na banda langu halikuwa na nafasi ya kujivunia.) Niliongeza dagaa, nikaongeza na ule unga mweupe wa methionini unaonuka kama kabichi iliyolala, na manyoya yakarudi. Ndiyo maana makala yenu niliisoma mara mbili.

Wala jambo hili haliwahusu kuku peke yao. Binadamu naye hawezi kujitengenezea methionini. Ama ataila, ama ataikosa. Maharage yana upungufu wake, mahindi yanayo kwa kiasi cha afadhali, na kwa hesabu hiyo kande ni chakula chenye akili kuliko wanavyodhani wanaokidharau. Katikati ya miaka ya 1980, kule Tarime, watu walipooza miguu ghafla kwa ugonjwa wa konzo baada ya kuishi kwa mihogo michungu isiyoandaliwa vya kutosha: mwili huiondoa sianidi ya mihogo kwa kuiunganisha na salfa, salfa hiyo hutoka kwenye amino asidi hizi hizi, na mlo wa mihogo mitupu hauna za kutosha. Nalitaja hili kwa kupita tu, msomaji asije akadhani tunabishana juu ya unga wa kuku.

Hamira iko upande mwingine kabisa. Saccharomyces cerevisiae, ile ile inayouzwa dukani kwa pakiti na kuumua maandazi yetu, haihitaji kuletewa methionini wala sisteini. Inatosheka na salfeti iliyoyeyuka majini, na kutoka hapo inajitengenezea zote mbili. Wasomaji wengi wanaijua salfa kama ule unga wa njano unaopulizwa kwenye mikorosho ya Mtwara na Lindi kuzuia ubwiri unga, ugonjwa unaoletwa na kuvu. Hamira nayo ni kuvu, lakini salfa inayojengea protini zake si ule unga. Ni salfeti, yaani salfa iliyozungukwa na oksijeni nne, na kuivua oksijeni hizo ni kazi ya gharama kubwa.

Gharama yenyewe inahesabika. Salfeti ikishaingia ndani ya seli, kimeng’enya (protini inayoendesha badiliko la kikemia) kinachoitwa Met3 huiunganisha na kipande cha ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli. Met14 huongezea fosfeti kwa kutumia ATP ya pili. Met16 huigeuza kuwa salfaiti. Kisha Met5 na Met10, vikifanya kazi kwa pamoja, huishusha hadi salfaidi. Kwa kila atomu moja ya salfa seli imetumia ATP 2 na NADPH 4, molekuli zinazobeba elektroni, ambazo ni sawa na elektroni 8, kabla haijapata hata amino asidi moja. Kutoka hapo Met17 huidaka salfaidi na kuipachika kwenye kiunzi cha kaboni, ikapatikana homosisteini, na hapo ndipo njia inapogawanyika: Met6 huigeuza homosisteini kuwa methionini, wakati Cys4 na Cys3 huielekeza kwenye sisteini. Salfaidi ndiyo yenye ile harufu ya yai viza. Mtu yeyote anayetengeneza mvinyo kwa zabibu, za Dodoma au za kwingine, anajua kwamba juisi yenye nitrojeni haba huweza kunuka hivyo wakati wa kuchachuka, na sababu ni hii hii: kiunzi cha kupokea salfaidi hakitengenezwi pasipo nitrojeni, kwa hiyo salfaidi hukosa wa kuipokea ikavuja nje ya seli.

Sasa nauliza: katika mlolongo huo, “jeni ya methionini” ni ipi? Hamira ina jeni zipatazo 6,000, zilizopangwa kwenye kromosomu 16. Nayo ndiyo iliyokuwa ya kwanza, mwaka 1996, kati ya viumbe wote wenye kiini ndani ya seli, kusomwa vinasaba vyake vyote. Jeni zinazohusika na methionini zilipewa majina ya MET na namba (protini itokanayo na jeni huandikwa Met, kama Met3 kutoka MET3) kadiri watafiti walivyokuwa wakiokota hamira zilizoshindwa kukua bila kupewa methionini, na uokotaji huo ulifanyika katika maabara tofauti kiasi kwamba MET15, MET17 na MET25 zilikuja kugundulika baadaye kuwa ni jeni moja yenye majina matatu, kama mtu anayeitwa jina moja nyumbani, lingine kazini na lingine kijiweni.

Jeni hiyo yenye majina matatu niliwahi kuiona kazi yake kwa macho. Miaka mingi iliyopita nilipeleka wanafunzi wa kidato cha sita katika maabara ya chuo kimoja hapa jijini, na mwenyeji wetu akatuwekea mezani sahani ndogo yenye chakula cha hamira kilichotiwa chumvi ya risasi. Juu yake palikuwa na makundi ya hamira ya mviringo, ukubwa wa kichwa cha pini hadi punje ya mtama. Mengine meupe kama kawaida, mengine ya kahawia iliyoiva hadi kukaribia weusi. Yale meusi yalikuwa yamepoteza MET17. Salfaidi ilikuwa inatengenezwa lakini haina wa kuipokea, ikatoka nje, ikakutana na risasi, ikawa salfaidi ya risasi, ambayo ni nyeusi. Mwanafunzi mmoja aliuliza kama hamira hizo zimeungua.

Kwa miongo kadhaa sote tulifundisha kwamba hamira isiyo na MET17 haiwezi kabisa kukua kwa salfeti. Mwaka 2022 ilionyeshwa kwamba inaweza, ikiwa ile hewa ya salfaidi inayojikusanya itaondolewa, kwa sababu ipo jeni nyingine iliyokuwa haijulikani kazi yake, YLL058W, ambayo protini yake huweza kutengeneza homosisteini kwa njia hiyo hiyo. Kumbe kilichokuwa kikizizuia hamira zile kukua kilikuwa pia sumu ya salfaidi yenyewe. Mimi niliwaambia wanafunzi kinyume chake kwa maisha yangu yote ya kazi, na wala sioni haya kusema hivyo.

Hata hivyo kosa la makala si kuhesabu jeni moja badala ya kumi na kitu. Kosa ni neno “kuwasha”. Swichi ya ukutani haijui kama chumbani kuna giza, inangoja kidole. Kilichomo ndani ya hamira kinafanana zaidi na boya la tangi la maji, lile ambalo karibu kila nyumba ya Dar es Salaam inalo: maji yakipanda, boya linapanda nayo na kuufunga mdomo wa bomba, maji yakishuka, linashuka na kuufungua, na hakuna mtu anayepanda ngazi kulishughulikia. Seli ikiwa na methionini na sisteini ya kutosha, wingi huo wenyewe ndio unaoufunga mlolongo nilioueleza. Ikipungukiwa, upungufu wenyewe ndio unaoufungua. Ikiwa kila atomu ya salfa inagharimu kiasi nilichokitaja, haishangazi kwamba seli haiachi bomba wazi.

Namna boya hilo linavyofanya kazi ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote nilipokuwa nikifundisha, na ndiyo ambayo makala yenu iliruka. Jeni zote hizi za MET husubiri protini moja inayoitwa Met4. Nafikiri jina linalomfaa kwa Kiswahili ni nyapara, kwa kuwa yeye mwenyewe hachimbi wala habebi, ila asipofika kazi haianzi. Lakini nyapara huyu ana upungufu wa ajabu: hawezi kushika vinasaba kwa mikono yake. Lazima akaribishwe na protini nyingine ambazo tayari zimesimama kwenye lango la jeni. Moja ni Cbf1, ambayo huitambua tahajia ya herufi sita, CACGTG, yenye sifa kwamba ukisoma uzi wa pili wa vinasaba kwa mwelekeo wake unakuta herufi zile zile. (Cbf1 ana kibarua kingine pia, kwenye sehemu ya kromosomu inayoshikwa wakati seli inapogawanyika, kwa hiyo kumkuta langoni hakumaanishi lango limefunguliwa.) Wengine ni Met31 na Met32, wanaofanana kama ndugu, na yuko Met28 anayesaidia kuwashikamanisha. Kundi hilo likikamilika, jeni zinanakiliwa, vimeng’enya vinatengenezwa, na salfeti inaanza kushushwa.

Na salfa ikiwa tele? Hapo anaingia Met30. Huyu ni sehemu ya mtambo wa protini kadhaa ambao kazi yake ni kuzivisha protini nyingine mnyororo wa vipande vidogo vya yubikwitini. Wasomaji watakumbuka kwamba Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2004 kwa kugundua kwamba mnyororo huo ni alama ya kifo: protini iliyovishwa hupelekwa kwenye proteasomu na kukatwakatwa. Met30 humvisha Met4 mnyororo huo, tena wa aina ile ile inayojulikana kwa kuua. Ungetazamia Met4 afe. Mwaka 2000 kundi la watafiti la Ufaransa, akiwemo Dominique Thomas, liliripoti kwamba kweli anavunjwavunjwa. Mwaka huo huo kundi la California, akiwemo Peter Kaiser, likaripoti kwamba anavishwa mnyororo na kubaki mzima, ila hana uwezo wa kufanya kazi. Waliosoma taarifa zote mbili kwa haraka walidhani mmoja wao amekosea. Ilikuja kuonekana kwamba mazingira ambamo hamira inakuzwa yanabadilisha mwisho wa kisa, na kwamba Met4 ana sehemu katika mwili wake inayoukumbatia ule mnyororo na kumkinga asiburutwe hadi kwenye proteasomu. Kwa maneno mengine, katika chakula chenye kila kitu nyapara haondolewi kazini. Amefungwa kamba na kukalishwa kwenye benchi nje ya lango, akiwa hai, na salfa ikipungua kamba inafunguliwa, kazi inaanza pasipo kungoja nyapara mpya atengenezwe.

Hapo ndipo neno “kuwasha” linapomdanganya msomaji. Jeni za salfa hazilali zikisubiri kuamshwa. Kinachowezesha kazi yao kipo muda wote, nacho kinazuiliwa muda wote, na udhibiti wote umo katika kulegeza na kukaza huko. Mwandishi wenu alipendekeza iachwe ikiwaka. Basi na tuone kinachotokea akiondolewa yule anayezuia. Hamira iliyonyang’anywa Met30 haijazi methionini hadi ikafurika. Inaacha kugawanyika na kufa. Na ushahidi kwamba inauawa na nyapara asiye na kizuizi ni huu: ukiiondoa MET4 pamoja na MET30, hamira inaishi, ila sasa itabidi uilishe methionini kwa mkono kama mimi ninavyowalisha kuku wangu.

Yako mazingira ambamo seli yenyewe humfungulia Met4 kwa nguvu hata kama salfa ipo. Hamira ikikutana na kadimiamu, metali yenye sumu iliyokuwa ikitumika kwenye betri za kuchaji za zamani, Met30 huchomolewa kutoka kwenye mtambo wake, mnyororo unakoma kuvishwa, na Met4 anaachiwa. Salfa inayopatikana inaelekezwa kwa wingi kwenye glutathioni, kitu kidogo chenye sisteini ndani yake ambacho huikamata kadimiamu na kuifunga. Lakini ubahili wa hamira unaonekana zaidi katika jambo la pili: wakati huo huo inaacha kutengeneza baadhi ya protini zake za kila siku zenye methionini na sisteini nyingi na kuweka badala yake protini pacha zinazofanya kazi ile ile zikiwa na salfa kidogo. Kimeng’enya Pdc1, ambacho ni miongoni mwa protini zilizo nyingi sana katika hamira inayochachua sukari, kinapisha nafasi kwa Pdc6. Ni kama mama mwenye nyumba anayebadilisha sufuria ya nyama kwa ya dagaa pindi mgeni asiyetarajiwa anapobisha hodi, ili fedha ya mboga imtoshee mgeni.

Turudi kwenye bei ya methionini, kwa kuwa ndiyo iliyoniketisha kuandika. Laisini, amino asidi nyingine tunayoinunua kwa ajili ya kuku, hutengenezwa viwandani kwa kuchachusha sukari na bakteria, na imekuwa hivyo kwa miaka mingi. Methionini inayouzwa madukani, kwa sehemu kubwa, haitoki kwenye kiumbe chochote. Hutengenezwa kwa kemia, kwa malighafi zinazotokana na mafuta na gesi, na sianidi nayo ikiwa mojawapo ya vitu vinavyotumika njiani. Tofauti hiyo si uvivu wa wanasayansi. Inatokana na mambo mawili niliyoyaeleza: salfeti ni ghali kuishusha, na kila kiumbe kinachojua kuishusha kimejiwekea boya kali. Kiwanda kilichofunguliwa Malaysia katika muongo uliopita kilipata njia kwa kulikwepa tatizo: bakteria wanatengeneza kile kiunzi cha kaboni tu, kisha salfa inaunganishwa nje ya bakteria, kwa kimeng’enya, kutoka kwenye kemikali ambayo tayari ina salfa iliyoshushwa. Hawakuliwasha wala kulizima boya. Waliliacha lilivyo na kuchota maji mahali pengine.

Sisemi kwamba hamira haitatusaidia kamwe. Ninachosema ni kwamba anayetaka methionini kutoka kwenye hamira atalazimika kushughulika na Met4 na kamba yake, na kiunzi cha kupokea salfaidi, na gharama ya elektroni nane, na harufu, vyote kwa pamoja, na kwamba mfugaji wa Mbagala au Kibaha anayeambiwa “jeni moja, swichi moja” anaweza kuahirisha kununua dagaa akisubiri kisichokuja msimu huu. Nimeshapigiwa simu na mwenzangu mmoja aliyeniuliza kama akiongeza hamira ya mkate kwenye pumba atapata matokeo yale. Nilimjibu kwamba hamira iliyokauka ni protini nzuri na ina faida zake, ila methionini si sifa yake kubwa, na kwa bei ya pakiti za dukani atafilisika kabla kuku hawajaota manyoya.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni dogo. Kiswahili kina kuzuia, kuachilia, kufunga na kulegeza, na kila moja lina maana yake. Kwa habari za jeni hizi yanafaa kuliko kuwasha na kuzima. Kama nafasi ya masahihisho itapatikana, namwomba pia mwandishi wa makala atutajie ni jeni ipi hasa aliyoikusudia. Kama ni MET17, aseme ametumia jina lipi kati ya matatu, na asiisahau YLL058W. Kama ni MET4, basi aeleze ataifanya nini MET30.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu mstaafu,
Kimara, Dar es Salaam